Katani ya Kansas na Vioja vya Kando ya Barabara

Mwaka 1953, katika mji mdogo wa Cawker City jimboni Kansas, mkulima aitwaye Frank Stoeber alianza kukusanya vipande vya kamba ghalani kwake na kuviviringisha kuwa donge. Kamba yenyewe ni ile ya kufungia marobota ya nyasi za ng'ombe. Ukishalikata robota ili mifugo ile, kamba imemaliza kazi yake na watu huitupa. Stoeber hakuitupa. Aliunga kipande kwa kipande, mwaka hadi mwaka, mpaka donge likawa refu kuliko yeye. Mwaka 1961, Kansas ilipotimiza miaka 100 tangu iwe jimbo, aliukabidhi mji donge lake. Alipofariki mwaka 1974 lilikuwa na kipenyo cha mita 3.3 hivi, na kamba ya futi milioni 1.6, yaani karibu kilomita 490.

Mtu akihadithiwa habari hii huuliza: ili iweje? Mama mdogo wangu aliye Tanga aliniuliza hivyo hivyo kwenye simu, baada ya kumtumia picha.

"Mwanangu, umeendesha gari kutwa nzima kwenda kutazama kamba?"

"Shikamoo kwanza, mama mdogo. Ile siyo kamba tu. Ni katani."

Akanyamaza kidogo. "Katani yetu hii?"

"Hii hii."

"Basi nitumie picha nyingine, ya karibu."

Nimekulia kwenye kambi ya mkonge nje ya Korogwe. Babu alifika pale akitokea Kasulu, akiwa manamba, wakati ofisi ya SILABU ikizunguka nchi nzima kuandikisha vibarua wa mashamba. Alikata majani maisha yake yote, na baba alifanya kazi kwenye korona, mashine inayoponda jani mpaka zibaki nyuzi. Sisi watoto tulilala na kuamka na harufu ya maji machafu ya korona. Nyuzi zikianikwa kwenye waya, shamba zima linakuwa jeupe. Miche ya kwanza ya mkonge ililetwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, akiiagiza kutoka Florida. Iliondoka miche 1,000. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa karibu na Pangani. Kufikia miaka ya 1950, wakati Stoeber anaviringisha kamba zake ghalani, Tanganyika ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo, na kamba za kufungia mazao na nyasi mashambani ndizo zilizokuwa soko lake kubwa. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na kambi kama yetu zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya donge lile sikuwa mtalii anayeshangaa jambo la Wazungu. Nilikuwa mtu wa mkonge aliyekutana na mkonge.

Donge liko kando ya barabara ya US 24, chini ya paa lisilo na kuta. Limekuwa zito kiasi kwamba limejilaza. Ni pana kuliko urefu wake. Kamba za chini zimegeuka kijivu, nyingine karibu nyeusi, na za juu, zilizoongezwa majira ya joto yaliyopita, bado ni za manjano. Unalisikia kwa pua kabla ya kuligusa. Kamba za viwandani hutiwa mafuta zisioze wala zisitafunwe na panya, na mafuta yale yakichanganyika na vumbi na nyuzi kavu yanatoa harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu nitoke nyumbani. Niliweka kiganja. Nyuzi zilikwaruza vilevile kama zilivyokwaruza mikono ya baba.

Mji wote hauna hata watu 500, lakini kila Agosti wanakusanyika kuongeza kamba, na mgeni anayefika siku ya kawaida anaweza kupiga simu, akaja mmoja wa wanaolitunza akiwa na kamba mpya. Kwetu alikuja mama mtu mzima, akatukatia kila mmoja kipande, akakipima kwanza kwa sababu mji unaweka hesabu ya urefu wote. Hesabu hiyo imeshavuka futi milioni 8. Shemeji yangu, dereva wa malori makubwa ya masafa marefu, alizunguka donge akivuta kamba yake polepole, uso umetulia. Alipomaliza akafunga fundo, akalivuta mara mbili kuhakikisha limekaza.

"Shemeji," akaniambia, "hapa tumeshaacha kitu."

Nimelifikiria sana neno lake hilo. Kaskazini zaidi, katika mji wa Darwin, Minnesota, kuna donge jingine maarufu. Francis Johnson alianza kuliviringisha mwaka 1950, peke yake, kwa miaka 29, mpaka likafika pauni 17,400, zaidi ya tani 7. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna anayeongeza leo. Limehifadhiwa nyuma ya kioo. Miji miwili hii imeshindana kwa muda mrefu juu ya nani mwenye donge kubwa zaidi. Mmoja unajivunia kazi ya mtu mmoja, mwingine kazi ya umma. Namheshimu sana Johnson kwa subira yake, ila moyo wangu uko Cawker City, kwa sababu pale kazi haijakwisha.

Marekani imejaa vitu vya namna hii kando ya barabara zake za zamani, na watu wanavipenda kwa mapenzi ya kweli. Familia huendesha mamia ya kilomita kuvitazama. Wazee hulia. Vijana ambao hawakuwepo enzi hizo nao huvitafuta, hupiga picha, huvihadithia kana kwamba ni utoto wao wenyewe. Nimejiuliza kwa nini, na kwa nini mimi niliyezaliwa Tanga nimo katika kundi hilo.

Sehemu ya jibu iko kwenye barabara zenyewe. Magari yalipoanza kuwa mali ya watu wa kawaida, kuanzia miaka ya 1920, barabara kuu zilipita katikati ya miji. Route 66, iliyotangazwa Novemba 1926, ilitoka Chicago hadi Santa Monica, zaidi ya kilomita 3,900, na katika kila mji ilikuwa ndiyo barabara ya mji wenyewe: mbele ya kanisa, mbele ya benki, mbele ya shule. Gari lilikwenda taratibu, halina kiyoyozi, watoto wamebanana nyuma. Mwenye mgahawa au kituo cha mafuta alikuwa na sekunde chache za kumshawishi dereva akanyage breki. Mtoto wa Segera anaijua biashara hiyo. Niliwahi kuuza machungwa kwenye madirisha ya mabasi pale njia panda, na nakumbuka jinsi unavyotafuta neno moja, ishara moja, itakayomfanya abiria ageuze shingo upande wako na si upande wa mwenzako. Wamarekani waliokuwa na zege, mbao na kiwanja walitafuta ishara hiyo kwa ukubwa. Mji wa Bemidji, Minnesota, mwaka 1937 ulisimamisha sanamu ya Paul Bunyan, mkata miti wa hekaya, yenye urefu wa mita 5.5, pamoja na ng'ombe wake wa buluu. Frank Redford wa Kentucky alijenga vyumba vya wageni vyenye umbo la mahema ya wenyeji wa asili wa Marekani. Moteli za muundo wake zilifika 7, na 3 bado zinapokea wageni, mojawapo Holbrook, Arizona.

Hadithi ninayoipenda zaidi katika hizi za biashara ni ya Wall, South Dakota. Ted na Dorothy Hustead walinunua duka la dawa pale mwaka 1931, mji ukiwa na watu 326 na nchi imo katika mdororo mkubwa wa uchumi. Miaka ikapita, wateja hakuna. Magari yalikuwa yanapita barabarani mchana kutwa yakielekea milimani, hayasimami. Kiangazi cha 1936 Dorothy alijilaza mchana, usingizi ukakataa kwa sababu ya muungurumo wa magari, na katika kugeukageuka akajiuliza: watu hawa waliovuka nyika lote hili kwenye jua kali wanahitaji nini? Maji ya baridi. Na sisi tuna barafu. Ted akaweka vibao kando ya barabara vikitangaza maji ya barafu bure. Inasimuliwa kwamba aliporudi dukani baada ya kusimika vibao, watu walishaanza kufika kuomba maji.

Leo duka lile limekuwa mtaa mzima wa maduka, na maji ya barafu bado ni bure. Ilikuwa biashara, ndiyo. Lakini kwetu pwani kuna watu waliweka mtungi wa maji na kata mbele ya nyumba kwa ajili ya mpita njia wasiyemjua, na walihesabu hiyo kuwa sadaka. Sioni sababu ya kumnyima Dorothy heshima hiyo kwa kuwa baadaye alipata riziki.

Vingine havikuwa biashara hata kidogo. Catoosa, Oklahoma, kando ya Route 66, kuna nyangumi wa buluu wa zege, urefu wake kama mita 24, ametulia kwenye bwawa akiwa amefungua mdomo. Alijengwa na Hugh Davis mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtu aliyekuwa amefanya kazi kwenye bustani ya wanyama ya Tulsa. Mke wake, Zelta, alikusanya sanamu ndogo ndogo za nyangumi. Mume akaamua kumpa zawadi ya kumbukumbu ya ndoa yao: akachomelea mifupa ya chuma, akaikandika zege kwa mikono, kidogo kidogo. Bwawa lilikuwa la familia, lakini wapita njia walizidi kusimama wakiomba kuogelea, mpaka akaleta mchanga, akaweka meza, akawaachia. Watoto wa Catoosa walijifunza kupiga mbizi kutoka kwenye mkia wa nyangumi yule. Mwaka 1988 wazee wale, afya ikiwa imezorota, walifunga mahali pale. Rangi ikabanduka, majani yakaota. Ni watu wa mji, wale wale waliokuwa wameogelea pale wakiwa watoto, waliochukua brashi na kumrudishia nyangumi rangi yake.

Unaingia kwa mdomo. Ndani kuna vitundu pembeni vya kupitisha mwanga, na zege lina alama za vidole na mwiko, halikusawazishwa. Nilisimama mle nikiangalia alama zile. Mtu alizifanya kwa ajili ya mkewe.

Na yuko Lucy. Margate City, New Jersey, ufukweni, kuna jengo lenye umbo la tembo, ghorofa 6, urefu kama mita 20, mbao ndani na bati nje. James Lafferty alilijenga mwaka 1881 ili kuwavuta watu waje kununua viwanja vyake vya mchangani: mteja alipandishwa hadi mgongoni, akaonyeshwa ardhi kwa juu. Mwaka uliofuata alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, kwa majengo yenye umbo la wanyama. Kwa wakati ule magari hayakuwapo, kwa hiyo Lucy ni mkubwa wa ukoo wote huu. Amewahi kuwa makazi ya familia, amewahi kuwa baa. Kufikia miaka ya 1960 alikuwa ameoza na ilibaki kidogo tu abomolewe. Wakazi walijiunga, wakachangisha fedha, na Julai 1970 wakamvuta taratibu barabarani mpaka kwenye kiwanja kingine. Miaka 6 baadaye serikali ilimtambua kuwa alama ya historia ya taifa. Majuzi tu, kati ya 2021 na 2022, ngozi yake yote ya bati ilibadilishwa.

Nilimpeleka binti yangu. Unaingilia mguuni kwa ngazi ya kuzunguka, unatokea tumboni, kwenye chumba kipana cha mbao, na ukichungulia kwenye jicho unaona bahari ya Atlantiki. Binti aliyezaliwa huku, ambaye tembo wa kweli amemwona mara moja tu tulipopita Mikumi likizo, aligusa ukuta akaniuliza kama wajenzi waliwahi kumwona tembo. Swali zuri, maana Lucy ana jina la kike na masikio madogo ya tembo wa Asia, lakini amepewa pembe, na majike wa Asia hawaoti pembe kubwa za kuonekana. Nilimjibu kwamba huenda walichokiona ni picha, na shauku yao ikajazia palipobaki.

Mpaka hapa nimesifu. Sasa niseme lililo zito, kwa sababu bila hilo sifa zote hizi ni nusu ya habari.

Kuna mzee Mmarekani mweusi ninayesali naye. Nilipomwonyesha picha zangu za safari alizitazama kwa adabu, moja moja, kisha akaniambia kwamba akiwa mtoto alipita mbele ya vitu vya namna hii mara nyingi, na vyote aliviona kupitia dirisha la gari. Baba yake hakusimama. Chakula cha safari nzima kilikuwa ndani ya gari, na hata kopo la haja ndogo lilikuwa ndani ya gari, kwa sababu hawakujua ni mlango gani ungefunguliwa na upi ungewaletea balaa. Walipanga safari ili jua lisiwazamie katika mji usiotaka mtu mweusi usiku, na miji hiyo ilikuwa mingi, hata kwenye Route 66 inayoimbwa na kila mtu.

Ndiyo maana mwaka 1936 mpeleka barua wa Harlem, New York, Victor Hugo Green, alianza kuchapisha kitabu kidogo cha mwongozo, mji kwa mji: hoteli gani inampokea mtu mweusi, kinyozi yupi, kituo gani cha mafuta. Kilijulikana kama Green Book, na kiliendelea kutoka kwa miaka 30 hivi. Nacho kilikuwa kinamweleza dereva wapi asimame, ila kwa sababu tofauti kabisa na ile ya vibao vya maji ya barafu.

Na sisi Waafrika tuliotoka barani hatukuwa nje ya habari hiyo. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika iliopata uhuru, balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alikuwa akisafiri kwa gari kutoka New York kwenda Washington kupitia Route 40 jimboni Maryland. Alisimama kwenye mgahawa wa kando ya barabara akaomba kahawa, akakataliwa kwa rangi yake. Hakuwa peke yake. Wanadiplomasia kadhaa wa nchi mpya za Afrika walikumbana na hayo hayo kwenye barabara hiyo, mpaka serikali ya Rais Kennedy ikalazimika kuwatuma watu wazungumze na wenye migahawa mmoja mmoja. Maryland ilipitisha sheria mwaka 1963, na taifa zima likafuata kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba anatamani barabara ya zamani irudi, namwuliza kimoyomoyo: irudi kwa nani? Mimi na shemeji tunasimama popote tunapotaka, tunakunywa kahawa, tunafunga fundo letu kwenye donge la Kansas, na uhuru huo haukuletwa na kiangazi kitamu cha 1955. Umeletwa na watu waliopigwa na kufungwa kwa ajili yake. Hilo haliniondolei mapenzi yangu kwa nyangumi wa Catoosa. Linanifanya nichague kwa makini ninachokitamani: natamani ule moyo wa mtu aliyetaka mgeni asimame, na nataka mgeni huyo awe mtu yeyote.

Barabara zenyewe zilikufa kwa kalamu. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu mpya, kilomita 66,000, pana, zilizonyooka, zinazoikwepa miji. Zilikuwa salama zaidi na shemeji anazishukuru kila siku, maana ndizo zinazomlisha. Lakini mji ulioachwa pembeni ulijua saa ileile kwamba umeachwa. Seligman, Arizona, ulikwepwa Septemba 1978. Kinyozi wa pale, Angel Delgadillo, amesimulia mara nyingi jinsi magari yalivyokoma siku hiyohiyo. Mwaka 1985 Route 66 ikafutwa rasmi kwenye orodha ya barabara za taifa. Delgadillo hakuhama. Mwaka 1987 yeye na wenzake waliunda chama, wakalishinikiza jimbo la Arizona liitambue barabara yao kuwa ya kihistoria, wakafaulu, na majimbo mengine yakaiga. Kama kuna mtu mmoja aliyeirudisha barabara ile kwenye ramani za wasafiri, ni kinyozi huyo.

Hapo ndipo ninapoiona sababu yenyewe ya mvuto huu. Kila kioja kilichosalia kina watu wanaokishughulikia. Hakuna kilichojitunza. Bati la Lucy linaliwa na chumvi ya bahari kila siku, zege la nyangumi hupasuka baridi ikija, na donge la katani lingeoza kama lisingekuwa na paa. Kutamani yaliyopita ni rahisi, kila mtu anaweza akiwa amekaa kwenye kochi. Wanaonigusa ni wale walioshika brashi. Wilmington, Illinois, sanamu ya jitu la plastiki ngumu lililovaa kofia ya mwanaanga ilipigwa mnada mwaka 2024 baada ya mgahawa wake kufungwa, na jumba la makumbusho la Joliet likainunua kwa zaidi ya dola 200,000 ili ibaki mjini. Fedha hizo zingeweza kukidhi mahitaji mengine chungu nzima. Kuna wakazi watakaosema ni ubadhirifu, na wana hoja. Mimi ningepiga kura ya ndiyo.

Hata Cadillac Ranch, nje ya Amarillo, Texas, ambako wasanii wa kikundi cha Ant Farm walizika magari 10 ya Cadillac pua chini mwaka 1974, inaishi kwa mikono ya wageni. Watu hupuliza rangi juu ya rangi mpaka imekuwa nene, inabanduka kwa matabaka. Shemeji, ambaye mizigo yake humpitisha barabara ya I-40 mara kwa mara, aliandika pale majina ya watoto wake. Safari iliyofuata hakuyakuta. Yalikuwa yamefunikwa na majina ya watoto wa watu wengine. Akayaandika tena.

Kwa anayeishi huku na ana gari, ushauri wangu ni huu: ukiwa na muda, achana na barabara kuu angalau kwa saa mbili tatu za safari yako. Beba fedha taslimu, kwani vingi vya vivutio hivi havitozi kiingilio bali vina sanduku la mchango, na mchango huo ndio rangi ya mwaka ujao. Uliza nani anakitunza. Karibu kila mara mtu huyo yuko hai, yuko karibu, na atafurahi kuulizwa.

Na kuna mahali pamoja ambapo bado sijafika, ninapopataka kuliko vyote. Mashariki kidogo ya mji wa Luther, Oklahoma, kwenye Route 66, kuna kituo cha mafuta cha familia ya Threatt, familia ya Wamarekani weusi waliomiliki shamba hapo tangu kabla barabara haijapewa namba. Allen Threatt alikijenga kwa mawe ya mchanga yaliyochimbwa kwenye ardhi yao wenyewe. Wasafiri weusi waliweza kujaza mafuta, kula, na kupumzika bila hofu. Palikuwa pia na uwanja wa mpira wa besiboli. Hakina umbo la tembo wala la nyangumi. Ni kajengo kadogo ka mawe, na familia ile ile bado inakimiliki. Wajukuu wamekuwa wakikikarabati wakikusudia kukifungua tena kwa wageni, Route 66 ikitimiza miaka 100 mwaka 2026. Nilipomweleza mzee yule ninayesali naye, aliniambia jina la Luther amewahi kulisikia kwa baba yake. Tumekubaliana twende wote masika yakianza. Shemeji ndiye atakayeendesha.